Kilabu cha Mnazi Kilichofungwa: Anza na Miti, Sheria Itafuata

Msomaji mmoja wa Malindi ameuliza: "Marehemu babu yangu aliendesha kilabu cha mnazi katika kijiji kimoja upande wa Ganda. Alifariki mwaka 2009, na kilabu kikafungwa yapata miaka miwili baadaye. Kijijini watu wote husema kilifungwa na sheria ya Mututho. Pamebaki sakafu ya saruji, minazi michache, kotama moja na daftari la madeni. Siku hizi kuna shule karibu na hapo. Ninataka kuiandika historia yake kwa ajili ya familia. Je, wanayosema watu ni kweli, na nianzie wapi?"

Mungu amrehemu babu yako. Swali lako limenigusa, kwa sababu historia za vilabu vya mnazi katika Pwani yetu zinapotea haraka kuliko historia za misikiti, makanisa, shule na maduka, ilhali mangweni, yaani katika vilabu hivyo, ndiko kulikosuluhishwa ugomvi wa mipaka, kukazungumzwa posa na kukahesabiwa madeni ya watu ambao wengi wao hawakuacha maandishi mengine yoyote. Wanayosema watu wa kijiji chako yana ukweli ndani yake, kwani tarehe unazozitaja zinalingana na sheria hiyo. Hata hivyo, nakushauri usianze na sheria. Anza na minazi yenyewe: ni ipi iliyokuwa ikigemwa, ilikuwa ya nani, ilisimama katika ardhi ya nani, na ilikoma lini kutoa tembo, yaani hiyo pombe ya mnazi yenyewe. Baa ya bia huweza kuletewa kreti zake kutoka Nairobi na ikazihifadhi kwa miezi, lakini kilabu cha mnazi huishi kwa miti iliyo karibu au kwa gari linalofika kila siku kutoka Kaloleni, Rabai au Chonyi, na mojawapo ya hayo likikatika, mlango hufungwa hata pasipo askari.

Ili uielewe hali hiyo, inafaa uijue kazi ya mgema kwa undani. Mgema hupanda mti akiwa na kotama, kisu kilichopinda chenye makali membamba sana, na kitoma, kibuyu cha kukingia utomvu, kikiwa kimefungwa kiunoni. Huchagua karara, yaani ala ya maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, hulikaza kwa kamba ili lisifunguke, hulizoeza kuinama kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha hukata ncha yake na kukitundika kitoma chini ya jeraha. Utomvu ukishaanza kudondoka, mgema hana tena siku ya mapumziko, kwa kuwa ni lazima apande alfajiri na jioni, na kila anapopanda akate tena kipande chembamba, la sivyo jeraha hukauka na karara hufunga. Akiugua siku chache bila mtu wa kumshikia zamu, karara hilo ni kama limekwisha, na itambidi asubiri jingine. Tena karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila mwenye mnazi alikuwa akichagua, mwezi baada ya mwezi, kati ya nazi za kuuza kwa wenye maduka na tembo la kupeleka kilabuni, na bei ya nazi mbata ilipopanda au kushuka, uamuzi wake ulibadilika.

Utomvu huo ni mtamu unaposhushwa, nao huanza kuchacha papo hapo, kwa sababu chachu imo ndani ya kitoma na katika hewa. Tembo la alfajiri huwa limepata nguvu ifikapo adhuhuri, huwa kali jioni, na kesho yake linaelekea kuwa siki. Kwa sababu hiyo wateja wa mangweni walikuwa na saa zao za tangu zamani: wapo waliolitaka tamu asubuhi, wakiwamo wazee na wanawake, na wapo waliolisubiri kali baada ya kazi. Mwuzaji hodari alijua kulipanga la asubuhi mbali na la jioni, na alijua pia ni mgema gani anayelitia maji. Methali ya mgema na sifa imetokana na jambo ambalo wateja walilionja kila wiki.

Sasa itazame sheria uliyoitaja. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na ndiye aliyeifikisha Bungeni, iliweka saa za kuuza kileo katika baa na vilabu kuwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na siku za sikukuu. Kwa mwenye baa ya bia, saa hizo zilimpunguzia mapato lakini hazikuiharibu bidhaa yake. Kwa mwenye kilabu cha mnazi, saa hizo zilimaanisha kwamba tembo la alfajiri lilipaswa kukaa takriban saa 10 kabla ya kuuzwa kihalali, na soko la tembo tamu likawa limefutwa kabisa. Waliotunga sheria walikuwa wakiwaza chang'aa, pombe zilizotiwa kemikali na vijana walevi asubuhi, na hofu yao ilikuwa ya haki, kwani watu wengi walikuwa wameshapoteza macho na maisha kwa pombe za sumu. Lakini kipimo walichokiweka kilikatwa kwa ajili ya chupa, na naamini kwa dhati kwamba mnazi ulistahili kifungu chake wenyewe.

Sheria hiyohiyo ilikataza kutoa leseni kwa mahali palipo chini ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi au ya sekondari. Umeandika kwamba kuna shule karibu na kiwanja. Jambo hili ni zito kuliko unavyodhani. Tafuta shule hiyo ilianza mwaka gani, kwa maana baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka sana na madarasa mapya yakajengwa katika vijiji vingi, na si ajabu kwamba shule ndiyo iliyokifuata kilabu badala ya kilabu kuifuata shule. Pima mita hizo kwa kamba au kwa simu, kutoka kwenye sakafu ya saruji hadi kwenye ua wa shule. Ikiwa umbali hautimii 300, basi hata kama babu yako angekuwa hai, ombi la leseni lingekataliwa, na hapo utakuwa umepata sababu iliyo wazi kuliko maneno ya jumla ya kwamba "Mututho alifunga".

Kabla ya mwaka 2010 mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo familia nyingi huchanganya. Vilabu vya pombe za kienyeji vilikuwa halali kwa leseni chini ya Sheria ya Pombe za Kienyeji ya mwaka 1971, ambayo ilirithi kanuni za enzi ya ukoloni. Kilichopigwa marufuku kabisa, kwa sheria ya mwaka 1980, kilikuwa chang'aa, yaani pombe ya kukeneka. Mnazi haukuwa chang'aa, ingawa askari wa doria hawakuwa wakitofautisha kila mara, na ingawa chifu, kwa Sheria ya Machifu, alikuwa na mamlaka ya kutoa amri za kuzuia utengenezaji na unywaji wa pombe katika eneo lake, mamlaka ambayo yalipunguzwa kwa mageuzi ya mwaka 1997. Kwa hiyo ukisikia mzee akisema kilabu "kilifungwa na Moi", usikubali wala usikatae haraka. Muulize kama kilifungwa kwa wiki kadhaa kwa amri ya chifu kisha kikafunguliwa, au kama mlango ulifungwa moja kwa moja. Vilabu vingi vya Pwani vilifungwa na kufunguliwa mara nyingi, na kufungwa kwa mwisho huchukua sifa za kule kote kwa nyuma.

Sheria ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa iliondolewa na ile ya 2010. Katiba ya mwaka huohuo ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, leseni hutoka Kilifi. Kati ya 2010 na 2013 kulikuwa na kipindi ambacho leseni za zamani zimekufa na utaratibu mpya haujashika, na kilabu cha babu yako, kwa tarehe ulizonipa, kiliangukia humo hasa, tena bila mwenyewe. Mjane au mtoto aliyetaka kuendelea alipaswa kuomba upya kwa jina lake mbele ya kamati ya wilaya, na gharama za ombi, ukaguzi wa afya na choo cha kudumu zingeweza kumshinda mtu mwenye minazi michache.

Ndiyo maana narudi kwenye miti. Katika ukanda wa Malindi, ardhi na mnazi si lazima viwe vya mtu mmoja. Waingereza waliposhika utawala mwaka 1895, ukanda wa Mwambao ulibaki kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, na kuanzia mwaka 1908 wenye madai ya ardhi katika ukanda huo walitakiwa kuyasajili ili wapate hati. Wengi waliokuwa wakiishi na kulima, hasa Wagiriama waliokuwa wakisogea kaskazini kufikia na kuvuka Mto Sabaki, hawakupata hati, lakini walipanda au kununua miti. Mnazi uliuzwa, ukarithiwa na kuwekwa rehani peke yake, mbele ya mashahidi wazee waliokunywa tembo la ushahidi, huku udongo ulio chini yake ukiwa wa mtu mwingine aliye mjini. Mpango huo ulidumu kwa amani mradi ardhi haikuwa na bei. Malindi ilipoanza kupanuka kwa hoteli na nyumba za wageni, hasa kuanzia miaka ya 1970, shamba lililokuwa na hati likauzwa kwa vipande vya ploti, na mwenye minazi akapewa fidia ya miti, wakati mwingine hata asipewe. Mti ukikatwa, gogo lake ni boriti na kiti, na tembo lake halirudi.

Uliza basi kama minazi ya babu yako ilikuwa katika ardhi yake mwenyewe. Uliza pia kuhusu mgema. Mara nyingi mwenye kilabu hakuwa mgema, na mgema hakuwa mwenye miti. Waligawana kwa siku, kwamba tembo la siku fulani ni la mgema na la siku nyingine ni la mwenye mnazi. Vijana walipokwenda kwenye bodaboda na kwenye ujenzi, wagema walibaki wazee, na mzee hawezi kupanda mnazi mrefu mara mbili kwa siku. Mnazi mrefu wa Pwani huweza kuishi zaidi ya miaka 60, lakini ukizeeka hutoa kidogo, na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe atobolaye moyo wa mnazi, hauachi kuudhoofisha. Ikiwa minazi ya karibu ilikuwa imekwisha tangu miaka ya 1990 na kilabu kikawa kinategemea madumu ya lita 20 yaliyoletwa kwa matatu, basi kilikuwa kimeshageuka kuwa duka la rejareja, na faida yake ilikuwa imekatwa na nauli muda mrefu kabla ya sheria yoyote.

Wateja nao wana sehemu yao, ingawa hapo sitakaa sana. Katika mji wa Malindi na wa Mambrui wapo Waislamu wengi, na kwa heshima hiyo mangwe zilikaa pembezoni, njiani kuelekea mashambani. Waliokuja ni vibarua, wavuvi, wapishi na watunza bustani wa hoteli, na katika miaka ya mradi wa Waitaliano wa San Marco kule Ngomeni, ulioanza kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, wapo vijana waliokuwa na mshahara wa kila mwezi. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii Pwani nzima, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikafanya hivyo tena. Mfanyakazi wa hoteli akikosa kazi, kilabu hukosa pesa taslimu, na daftari la madeni huongezeka kurasa.

Daftari hilo ni hazina. Usilisome kama orodha ya wadaiwa tu. Angalia vipimo vilivyotumika, kama ni chupa, lita au mtungi, na ukurasa ambao kipimo kilibadilika, kwani hapo ndipo aina ya wateja au njia ya kupata tembo ilipobadilika. Angalia siku ambazo hakuna maandishi kabisa: zikifuatana wiki mbili au tatu, huenda kulikuwa na msako, ukame au msiba. Angalia kiasi kikubwa kilichoandikwa kwa mtu mmoja siku moja, kwa maana hicho si cha kunywa peke yake. Ni cha matanga, cha posa, au ni kadzama, yaani tembo la desturi, waliyopelekewa wazee. Kwa Wagiriama tembo liliwahusu hata waliokufa, kwa kuwa humwagwa kwenye koma na kwenye vigango, yaani nguzo za mbao za kuwakumbukia marehemu, na kilabu kilichouza tembo la shughuli hizo kilikuwa na kazi ambayo baa ya bia haikuweza kuichukua. Ukikuta maagizo ya namna hiyo yanapungua mwaka hadi mwaka huku madeni ya chupa mojamoja yakiongezeka, utakuwa umeona kwa macho yako jinsi kilabu cha wazee kilivyogeuka kuwa kilabu cha walevi, na huenda hilo ndilo lililowafanya majirani wasikitetee kilipofungwa.

Kuhusu mahali pa kuanzia, mtafute kwanza mgema aliyehudumia kilabu, au mwanawe, kabla ya kwenda ofisi yoyote. Nenda naye hadi kwenye ile minazi michache iliyobaki, akuonyeshe vidato vilivyochongwa kwenye shina. Vidato peke yake si ushahidi wa tembo, kwa kuwa hata mkwezi wa nazi huvitumia, lakini mgema atakumbuka ni mti upi aliopanda na wa nani, na mkiwa mmesimama chini yake atakumbuka mengi kuliko akiwa amekaa kwenye kiti barazani. Usimuulize mwaka. Muulize kama jambo lilitokea kabla au baada ya mafuriko ya 1961, ya Uhuru wa 1963, ya Mzee Kenyatta kufia Mombasa Agosti 1978, ya jaribio la mapinduzi la 1982, au ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kumbukumbu iliyofungwa kwenye tukio kubwa hupotoka mara chache kuliko tarakimu iliyotajwa kwa kubahatisha. Zungumza pia na wanawake waliouza, kwani katika vilabu vingi wao ndio walioshika pesa, na huulizwa mara chache.

Kisha nenda ofisi ya ardhi ya Malindi ukatafute historia ya ploti, ujue hati ilitolewa kwa nani na iliuzwa lini. Leseni za baada ya 1971 zilipitia wilayani, na malipo mengine yalipokewa na halmashauri ambazo zilivunjwa mwaka 2013, nyaraka zake zikarithiwa na kaunti. Omba kwa barua, utaje jina la babu yako na lokesheni. Kwa miaka ya ukoloni na ya mwanzo wa Uhuru, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Moi Avenue, Nairobi, inazo ripoti za kila mwaka za maafisa wa wilaya za Pwani. Maafisa hao waliandika kuhusu tembo mara kwa mara, mara nyingi kwa lawama, wakilaumu unywaji kwa kila kijana aliyekataa kwenda kufanya kazi mashambani. Zisome kwa tahadhari: hazitakupa sauti ya mnywaji, lakini zitakupa tarehe za misako na mabadiliko ya ada.

Nakadiria, kwa yale uliyonieleza, kwamba utakuta mambo matatu yamekutana: miti iliyopungua, mwenye leseni aliyefariki, na sheria iliyokuja ikiwa hakuna wa kuomba upya. Ukikuta kinyume chake, kwamba minazi ilikuwa bado inatoa tembo kwa wingi na wagema walikuwapo mwaka 2011, basi mimi nitakuwa upande wa watu wa kijiji chako, na umbali wa shule utakuwa ndio jibu.

Jambo moja la adabu kuhusu daftari. Waliomo humo wana watoto na wajukuu, wengine leo ni mashekhe, wachungaji na walimu. Unapoiandika historia hiyo kwa ajili ya familia, tumia vipimo, tarehe na aina ya shughuli, na majina yaache yabaki ndani ya daftari mpaka wenyewe au warithi wao wakuruhusu.